Chai ya Shina Jekundu

Chai ilinukia sabuni. Balaa lote lilianzia hapo, na laiti Mama Majani angeimwaga pale pale, mtu mmoja angekuwa bado na kidole chake, na mwingine angekuwa bado na mume.

Jina la Mama Majani alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi. Yeye na mumewe walilima mchaichai nyuma ya nyumba, wakaukausha kwenye chumba cha uani, wakafunga mafungu na kuwauzia wenye hoteli. Mume walimwita Muonjaji, kwa kuwa hakuna fungu lililotoka getini kabla yeye hajanywa birika la kwanza la mavuno hayo. Akishaonja, maneno yake yalikuwa yale yale: "Tamu. Lakini mpishi mtamu zaidi." Mzaha mkavu kweli kweli, na mkewe alikuwa bado anaucheka.

Nyuma ya bafu kulikuwa na kichaka kingine, majani marefu yenye makali pembeni, ukiyatazama utaapa ni mchaichai. Mama yake Muonjaji aliyapanda mwenyewe kabla ya kufa, juu ya kitu alichokifungia ardhini, akausia kwamba hayakatwi, hayang'olewi, wala hayachemshwi. Muonjaji alimfundisha mkewe mapema.

"Huko juu vinafanana, usijisumbue," alimwambia, akipekua majani kwa vidole. "Tazama shinani. Shina la mchaichai ni jeupe, linaelekea kijani. La haya ya mama ni jekundu kama ufizi. Shinani, mke wangu, kwingine kote utadanganywa."

Lakini mvua za mwaka ule hazikuwa na adabu. Vichaka vilitanuka hadi vikakutana. Na mvunaji anayejua kazi yake hagusi shina, hukata shubiri moja juu ya ardhi ili lichipue tena. Siku hiyo mwenye hoteli alikuwa akipiga simu kama anayedai roho yake, naye Mama Majani akainama na mundu, akafyeka, akafyeka, akavuka mpaka bila kuona shina hata moja.

"Mbona hii inanukia sabuni?" Muonjaji aliuliza, kikombe puani.

"Labda birika halikusuuzwa. Kunywa bwana, watu wanasubiri!"

Akanywa mpaka tone la mwisho. Akaweka kikombe chini taratibu, akaingia chumba cha kukaushia. Kuhusu mpishi hakusema neno.

Mama Majani alisikia majani yakisuguana mle ndani, chwa, chwa, chwa, na nje hakukuwa na upepo. Harufu ya sabuni ikamfuata hadi uani, kali, yenye uchachu wa nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Akasukuma mlango. Mumewe alikuwa ameupa ukuta uso, anaulamba.

"Baba, vipi?" aliita kwa sauti ndogo.

"Nani amenikata nywele?" ilijibu sauti ya mumewe. "Nimelala kwa amani, nani amenikata nywele zangu?"

Kabla hajakimbia alishadakwa kichwani, akaburutwa juu ya mafungu, na mkono aliojikingia ukakunjwa nyuma mpaka ukalia ka! kama kuni kavu, akapiga yowe, na yule mwanamume ambaye miaka yote hakuwahi hata kumfokea akamgonga uso kwenye nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili, huku akimnusa utosini na kuhema, na damu ikamwingia machoni asione tena ila miguu ya shemeji yake ikija mbio.

Shemeji huyo, mdogo wake Muonjaji, alikuwa mchomeleaji vyuma, mtu wa miraba minne. Alimwangusha kaka yake, na kaka yake akamng'ata kidole cha shahada, akakitafuna mbele yake, akakimeza. Ilibidi majirani wasaidie kumfunga kwenye kiti kwa kamba za mizigo, miguu wakaitia ndani ya gunia maana ilikuwa ikivunja kila kilichokuwa karibu.

Mganga alifika jua likiwa bado kali, mtu mnene asiyependa porojo. Aling'oa mizizi ya kichaka cha nyuma ya bafu, akaitia kwenye chetezo chenye makaa.

"Humu wako wawili," alimnong'oneza Mama Majani. "Wote watasema kwa sauti ya mumeo. Moshi unamtoa yule nitakayemwelekezea. Mimi mumeo simjui. Wewe utanionyesha."

"Nikikosea?"

Mganga alipuliza makaa.

Moshi ulipomfikia, Muonjaji alipiga ukelele, akalia machozi na makamasi. "Mke wangu, usiniache! Anapanda, anapanda kutoka chini! Nitazame shinani! Shinani, mpumbavu wewe, nakufa!"

Halafu uso ule ule ukatulia, ukatabasamu. "Usimsikilize huyo, mke wangu. Mimi nimewahi kukutukana? Pole kwa mkono. Nikifunguliwa nitakupikia mimi."

Mama Majani aliwapima. Mumewe hakuwa mtu wa kulia, hata mama yake alipozikwa hakulia. Tusi ndiyo kabisa, halikuwahi kumtoka. Alitaka mumewe arudi, huyu mpole, huyu wa mizaha, alimtaka mpaka kifua kikamuuma.

"Anayelia," alisema. "Mtoe anayelia."

Mganga akamshindilia moshi puani, akamkaba, akamchapa mgongoni kwa fimbo mpaka shati likachanika na ngozi nayo, na kile kilio kikapanda, kikaomba, kikataja jina la utotoni la Mama Majani ambalo hata majirani hawakulijua, kikageuka kuwa kikohozi, kisha kikatoka na damu na kuishia sakafuni.

"Ameondoka," mganga alisema, akamchukua shemeji kumkimbiza hospitali.

Mama Majani alichemsha birika kwa mkono mmoja. Safari hii alifungua kila shina, jeupe, jeupe, jeupe. Akamshikia mumewe kikombe mdomoni.

"Tamu," alisema Muonjaji. "Lakini mpishi mtamu zaidi."

Mama Majani alicheka huku analia. Alishukuru, alimbusu paji la uso, akakata kamba za mikono kwa mundu, akauweka chini, akapiga magoti kuvua gunia.

Nyayo zilikuwa nyekundu kama ufizi. Vifundo vya miguu vyekundu, na wekundu ulikuwa ukipanda taratibu kwenye miundi, mbele ya macho yake. Harufu ya sabuni ikajaa chumba.

"Mbona umenyamaza, mke wangu?" Mkono ulimshika nywele kwa upole, ukazikusanya pamoja kama fungu. Mkono mwingine ulikuwa umeshaokota mundu. "Tulia. Nitakata shubiri moja tu juu ya shina. Utachipua tena."