Insha ya Karani wa Mapokezi

Foleni ya duka la kuchapa ilikuwa imefika barabarani. Karani mmoja wa mapokezi, amependeza ndani ya gauni la bluu, alikuwa humo akipitia barua yake ya Kiingereza ya kuomba kazi ya kutafsiri, mara akasikia sauti begani.

"Samahani, dada. Hapo kabla ya 'but' weka mkato. Hizo ni sentensi mbili kamili."

Aligeuka ampe vidonge vyake, akakutana na msahihishaji wa gazeti, mrefu, shati limenyooka, tabasamu halina hatia. Hasira zikamwishia njiani.

Wakapeana namba, na tangu hapo simu zikawa kila jioni, nusu mahaba, nusu Kiingereza. Akajifunza kwamba maneno yaliyopachikwa katikati ya sentensi huwekewa mkato mbele na nyuma. Akawa anamtania kwa kumwita Bwana Mikato, na mama yake akabaki kushangaa mtu mzima anayechekea sarufi.

Ofisi ya tafsiri aliyoomba kazi ikataka insha ya majaribio. Karani akaandika yake kwa jasho, akampa mpenzi wake aipitishe huko akielekea kazini. Sasa gazetini, karatasi ikitua mezani hurekebishwa, mwenyewe haulizwi. Mkono ulishazoea. Akainyoosha, akaichapa upya, akaipeleka, kisha akapiga simu kifua mbele.

"Umepeleka insha ya nani?" karani akauliza.

"Yako, kipenzi. Nimeinyoosha tu."

"Basi wakiita, nenda wewe."

Akakata simu, akalia. Kazi ile aliitaka kuliko kitu chochote, na sasa hata angeipata, asingejua kama ni yake.

Asubuhi akaenda mwenyewe kueleza ukweli. Msimamizi, mama wa makamo, akamwambia kuna kijana amemtangulia: amekiri kosa, ameichukua insha, na ameomba sana binti asinyimwe nafasi. Kisha akamsogezea karatasi tupu. Karani akaandika peke yake, mikato akiiweka kwa akili yake. Msimamizi akasoma hadi mwisho, akamwuliza ataanza kazi lini.

Alitoka nje anameremeta. Msahihishaji alikuwa amesimama kando ya ukuta, mnyonge.

"Nimeipata," akamwambia. "Kwa mkono wangu."

"Nisamehe, mpenzi. Nilipaswa kukuuliza. Na sasa nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Karani akamshika mkono mbele ya wapita njia wote.

"Nimekubali. Na jibu hilo usiliguse."