Utepe Alioubandua Marlys

Kila Jumamosi asubuhi, Marlys Tackett wa miaka kumi na mitatu aliosha gari lake dogo la mashindano nyuma ya karakana ya Shangazi Verna, huku kwetu Indiana. Alikwangua udongo magurudumuni, akakaza nati, ndipo akala mayai yake. Msimu ule alikuwa bingwa wa watoto kwenye njia ya udongo, na kwa kujisikia, hajambo!

Jumamosi moja alikuwa ashindane kwenye lami kwa mara ya kwanza. Dereva mgeni wa lami hubandika utepe wa manjano kwenye bampa la nyuma, ili wanaomfuata wampe nafasi.

"Shangazi jamani, watanicheka! Mimi bingwa."

"Wacheke. Bandika."

Marlys aliubandika. Ukaguzi wa magari kabla ya mbio ulipokwisha, akaubandua na kuuficha ndani ya glavu.

Mzunguko wa tano aliingia kona kama alivyozoea kwenye udongo, akaliacha gari liserereke kiubavu. Lami haitaki mambo hayo. Gari lilizunguka, na mvulana mwenzake wa mashindano, Dwight Pruitt, aliyekuwa amemkaribia mno, akamgonga. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu, lakini gari la Dwight lilikunjika mbele.

Mwamuzi, Bwana Hostetler, alimjia Dwight juu. "Unamfuata mgeni karibu hivyo? Utepe hukuuona? Fainali ya Jumamosi ijayo hukimbii!"

"Hakukuwa na utepe, mzee! Naapa!" Dwight alikuwa anaongoza msimu wa lami kwa pointi mbili tu. Kukosa fainali ni kukosa kombe.

"Nimeuona mwenyewe kwenye ukaguzi."

Marlys alisikia kila neno. Akinyamaza, nani atajua? Mwishowe akavua glavu, akautoa utepe uliojikunja.

"Hasemi uongo," alisema. "Niliubandua mimi. Niliona aibu."

"Wewe Marlys!" Dwight alifoka. "Hivi ningekufa, ungesema nini?"

Bwana Hostetler alimfutia Dwight adhabu, akamfungia Marlys mbio tatu.

Kesho yake Shangazi alimpeleka kwa kina Pruitt, nyundo mkononi, akasaidie kunyoosha gari. Dwight alimnunia siku nzima. Siku ya pili alimwambia, "Bingwa, nyundo haishikwi hivyo." Jumatano injini ya gari ikawaka.

Marlys alipokuwa akinawa grisi, alimuuliza Shangazi kama naye aliwahi kubandika utepe.

"Mara tatu. Nilikuwa bingwa wa udongo, nikahamia lami, nikabandika. Nikachukua kombe la lami, nikaenda kwenye magari ya masafa marefu, nikabandika. Nikaenda kwenye mbio za barafu, tena na nywele zimeanza kuingia mvi, nikabandika. Mwaka wangu wa kwanza wa lami nilishika mkia mara kumi na moja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu."

"Hukuona aibu?"

"Niliona, tena sana! Ila waliponiona mgeni walinipisha, na jioni wakanielekeza. Makombe yote yale nimeyapata kwa kufundishwa." Shangazi alimpa kitambaa ajifute. "Ukiwa hujui, sema hujui. Juzi ulichelewa kusema, lakini ulisema, na nilijivunia. Siku nyingine aibu yako ibebe mwenyewe, mwanangu. Usimtwishe aliye nyuma yako."