Macho ya Papa Augustin

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua mifuko ya unga. Si ya mama yangu, hapana! Ilikuwa mifuko ya Papa Banza, mchoraji wa mtaa wetu wa Panda, hapa Likasi, ambako baba huitwa papa. Nikishaifua, naifumua mishono, naitandaza kwenye mbao na kuipaka uji mwembamba wa muhogo. Uji ukikauka, kitambaa kinakuwa kigumu, tayari kupokea rangi. Mwaka ule wa 1994 nani angepata turubai ya dukani? Viwanda vilikuwa vimenyamaza, na maduka mengi ya mjini yalikuwa yamebaki kuta tu tangu siku za uporaji.

Kazi ya mifuko ikiisha, Papa Banza alinikalisha mbele ya picha moja aliyoichora yeye, akaniambia niiige. Mara nyingi ilikuwa picha ya marehemu Papa Georges, dereva wa treni, mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa ukali. Niliiiga mara kumi na moja. Macho yale makali niliweza kuyachora hata nikiwa nimesinzia.

Papa Banza alikuwa na sheria moja: nyuma ya kila nakala niandike, "Marlène ameiga kwa Banza." Sheria hiyo ilikuwa inaniudhi sana. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Darasani, Hénoc alikuwa ananicheka mbele ya wote: "Weye ni fotokopi tu! Bila Papa Banza, hata chungu huwezi kuchora!" Darasa zima lilicheka, nami nikaapa kuwaonyesha.

Siku moja Papa Banza alipata habari kwamba kaka yake amefariki kwenye kijiji cha wavuvi, Tshangalele. Akafunga nyumba, akaenda kilioni kwa wiki tatu. Mimi niliachiwa baraza tu na rangi zangu za mazoezi, nifagie na kufua mifuko. Ndipo akaja Mama Hortense, jirani yetu mjane, amemshika mkono binti yake Elikia, mtoto wa miaka mitano.

"Jambo, mwana wangu. Papa Banza iko?"

"Haiko, Mama. Alienda kilio Tshangalele."

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa picha ndogo kama kiberiti, iliyokatwa kwenye karata ya kazi ya zamani, kile kitambulisho cha mfanyakazi. Ilikuwa picha ya mume wake, Papa Augustin.

"Minye nilibaki na hii moja tu," alisema. "Zingine zote zilienda na vitu vya nyumba wakati wa uporaji. Huyu mutoto alikuwa mu tumbo wakati papa yake alikufa. Kila siku ananiuliza, papa alikuwa namna gani? Mupe Papa Banza aifanye kubwa, tutundike ku ukuta."

"Nitamupa, Mama," nilijibu. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba kazi ile nitaifanya mimi mwenyewe. Hénoc atakoma!

Papa Banza alikuwa na namna yake ya kukuza picha ndogo. Alichukua kipande cha kioo kilichochorwa miraba, akakilaza juu ya picha. Kisha alichora miraba kama hiyo, lakini mikubwa, kwenye kitambaa, na kuhamisha sura mraba kwa mraba. Picha yenyewe haikuguswa na kalamu hata kidogo. Basi kioo kile kilikuwa ndani, na nyumba ilikuwa imefungwa. Nilipaswa kungoja wiki tatu tu! Sikungoja. Nilichukua rula nikachora mistari juu ya picha yenyewe. Penseli haikushika kwenye karatasi ile inayong'aa, nikachukua kalamu ya Bic.

Yesu wangu! Mistari ilitoka myeusi, ikamkata Papa Augustin uso mzima. Nikashikwa na hofu. Nikachukua kitambaa chenye maji na sabuni, nikasugua taratibu, kisha kwa nguvu. Mistari ikafifia. Nilipoinua kitambaa, macho ya Papa Augustin nayo yalikuwa yametoka. Pale palikuwa na weupe tu.

Nilikaa chini nikalia. Lakini sikwenda kusema. Nilichora kichwa, masikio na mdomo kama nilivyoviona, na nilipofika kwenye macho, mkono wangu ukafanya ulichokuwa umezoea. Nikamchorea macho ya Papa Georges. Chini, kwenye pembe, nikaandika "Banza". Picha iliyoharibika nikaificha ndani ya kitabu changu cha hesabu.

Mama Hortense aliiangalia picha muda mrefu sana.

"Papa Banza alirudi?"

"Alipita tu, akaimaliza, akarudi kilioni." Uongo ulitoka laini kama mlenda.

"Njo yeye," alisema polepole, kama mtu anayejiuliza kama kweli ndiye. "Na ile photo?"

"Mende walikula, Mama."

Alifumba macho, akayafumbua. "Basi. Tutabaki na hii."

Kesho yake alileta kwetu bakuli la unga, shukrani yake. Unga! Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa zinakula mara moja kwa siku. Mama yangu alisonga bukari, ugali wetu, tukala na sombe, majani ya muhogo. Mimi nilikuwa nageuza tonge moja mkononi bila kulila.

"Kula, weye!" mama akanigombeza. "Chakula cha mujane unakichezea?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kila asubuhi, nikienda shuleni, nilipita mbele ya mlango wa Mama Hortense na kumsikia Elikia akisalimu ukuta: "Jambo, papa!" Siku moja akanikimbilia njiani, akanishika sketi, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Marlène, papa yangu ananiangalia mubaya. Nilimufanya nini?"

Nikaitoa sketi yangu mikononi mwake, nikakimbilia shuleni. Kuanzia siku hiyo nilibadili njia, nikawa nazunguka mbali, upande wa reli, ili nisiuone mlango ule. Hata hivyo swali lile nilikwenda nalo, nikarudi nalo. Nilikuwa nimempa mtoto yatima baba asiye wake, na baba huyo alikuwa anamtisha.

Papa Banza alirudi Jumamosi. Jumapili, baada ya misa, Mama Hortense alimkuta barazani, mimi nikiwapo, akamshika mikono miwili. "Papa Banza, aksanti sana kwa picha ya Augustin."

Papa Banza alinitupia jicho mara moja tu. "Twende niione namna imekaa ku ukuta," alisema. "Marlène, weye pia kuya."

Niliwafuata nyuma. Tulipoingia, Papa Banza alisimama mbele ya picha, mikono nyuma. Aliyaona macho ya Papa Georges. Aliliona jina lake kwenye pembe. Alikuwa ananingoja, nami nilijua kwamba ananingoja, na bado nikatazama sakafu.

Elikia akamvuta koti. "Papa Banza, papa yangu alikuwa anakasirika juu ya nini?"

Hapo nikashindwa. Nikapiga magoti sakafuni, nikayasema yote huku nikilia: kalamu, sabuni, macho ya kuazima, mende ambao hawakuwahi kuwapo. Nikakimbia nyumbani kuleta picha iliyofutika, nikaiweka kwenye kiganja cha Mama Hortense. Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa furaha.

Hakunipiga. Alikaa kwenye kiti, machozi yakimtiririka.

"Nilijua kama si macho yake," alisema. "Lakini uliniambia ni Papa Banza aliipaka. Nikasema, Banza hawezi kukosea. Basi njo minye nakosea. Minye nimeanza kumusahau bwana yangu. Usiku mingi nimelala na hiyo wasiwasi, mwana wangu."

Mpaka leo hakuna adhabu iliyowahi kuniuma kuliko maneno yale.

Papa Banza akashusha picha kutoka ukutani. Kwa kisu chake akakwangua yale macho, kisha akakwangua jina lake. "Mama Hortense," akauliza, "macho ya Augustin, utayakumbuka?"

Mama Hortense akapangusa uso. "Yalikuwa ya kucheka. La kushoto lilikuwa linafungika kidogo, kama…" Akamgeukia binti yake. "Kama ya huyu."

Jioni ile yote Elikia alikaa mlangoni, kwenye mwanga, akinichekea, nami nikachora. Papa Banza hakushika brashi hata mara moja. Mama Hortense alisimama nyuma yangu: "Shusha kidogo. Hapana, si vile. Hapo. Hapo!" Nilifuta mara nyingi. Kwa mara ya kwanza sikuwa na nakala ya kunisaidia, ilinibidi nimwangalie mtu.

Nilipomaliza, Mama Hortense aliweka mkono kinywani. "Augustin," alisema. Elikia akasogea, akaiangalia picha, akacheka.

"Sasa andika jina," Papa Banza akaniambia.

"La nani, Papa?"

"La ule aliyeipaka."

Nikaandika jina langu. Sikuona fahari yoyote.

Njiani kurudi Papa Banza alizungumza kwa sauti ya chini. "Marlène, kuiga si kitu ya haya. Minye pia niliiga kwa mwalimu wangu, miaka mingi. Na kukosea, nani hajakosea? Ungekuja kusema, 'Papa, nimeharibu photo,' tungelia siku moja, tukatafuta njia. Kalamu yako iliharibu karatasi. Uongo wako ulikuwa karibu kumunyang'anya ule mama bwana yake mara ya pili. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Hiyo neno haiuwi mutu."

Jumamosi iliyofuata nilikuta kile kipande cha kioo chenye miraba kimewekwa juu ya kiti changu barazani; Papa Banza alikuwa ameniachia. Nilikifuta vumbi, nikakiweka pembeni kwa siku nitakayokihitaji, kisha nikaenda kufua mifuko.