Vifungo vya Mgongoni

Kila asubuhi, Kidoti na mama yake walitoka nyumbani pamoja, kwa kuwa njia ya shule ilipita mbele ya kiwanda cha mikate. Kidoti alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Langoni alipenda kusimama kidogo, awatazame akina mama wakivaa makoti meupe ya kazi. Makoti yale yalifungwa mgongoni, vifungo sita, ili kifungo kikikatika kisiangukie kwenye unga. Hakuna aliyeweza kujifunga mwenyewe. Walisimama mstarini, kila mmoja akimfunga wa mbele yake, huku wakitaniana nani kanenepa na nani kalala na koti lake. Ambaye koti lake halikufungwa hakuruhusiwa kuingia.

Kisha akaja msimamizi mpya. Akazoea kuwaita wanawake pembeni mmoja mmoja, eti awasaidie kufunga, na mikono yake haikuishia kwenye vifungo. Mama alimkataza mara mbili. Mara ya tatu msimamizi akamwambia kwamba mwenye shingo ngumu hadumu kazini. Siku hiyo mama akamwandikia meneja barua.

Tangu hapo nyumba yao ikapoa kama jiko lililomwagiwa maji. Bombani, mazungumzo yalikatika mama alipotua ndoo, yakaanza tena alipogeuka. Mbona wengine hawashikwi? Huyo anatafuta cheo. Mwanamume wa watu ana watoto, akifukuzwa watakula nini? Hakuna aliyeuliza Kidoti naye angekula nini.

Shuleni, rafiki yake, ambaye mama yake alifungasha mikate kiwandani humo, alimsubiri wakati wa mapumziko akiwa na wenzake.

"Kidoti, eti mama yako anajiona mkate wa moto, kila mtu anataka kuugusa?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kidoti aliona uso unamwaka. Alitaka kicheko kile kiishe, basi.

"Mama ametunga," akasema. "Alimkasirikia tu yule msimamizi."

Kicheko kiliisha. Lakini neno ni kama unga, likimwagika halizoleki lote.

Siku ya pili yake Kidoti alirudi kutoka shuleni akamkuta mama nyumbani, koti limekunjwa kwapani. Hakuna aliyemfunga asubuhi ile, mlinzi akamrudisha. Meneja naye alimwambia kwamba kesho alete shahidi au aache kazi, maana amesikia hata mwanawe wa kumzaa anasema ametunga.

"Ulisema hivyo, mwanangu?"

Kidoti aliinamisha kichwa. Mama hakumgombeza. Aliketi kitandani na viatu vyake miguuni, akalia bila sauti, kama aliavyo mtu anayejua kuta zina masikio. Kidoti alitamani achapwe. Fimbo ingeuma, ikaisha.

Asubuhi mama alisema hana haja ya kwenda. Kidoti akalichukua koti, akamshika mkono. Langoni mama alisimama mwisho wa mstari, na aliyekuwa mbele yake akasogea kando.

"Mama zangu," Kidoti akasema, "nilisema uongo shuleni. Nilichekwa, nikamkana mama. Hakutunga. Siku aliyoandika barua alirudi nyumbani akajisugua mabega kwa sabuni mpaka yakachubuka."

Akasimama nyuma ya mama, akaanza kufunga. Kifungo cha kwanza kilimponyoka mara tatu.

"Mtoto kafundishwa huyo," msimamizi akasema mlangoni.

Mwokaji mkongwe kuliko wote, mama mwenye mikono ya makovu ya tanuri, akatoka mbele ya mstari. Akaja taratibu, akampa mama mgongo wake.

"Nifunge, mwanangu," akasema. "Mimi pia aliniita pembeni. Nikaufyata ulimi kwa kuogopa kazi. Leo naandika jina langu chini ya lako kwenye barua ile."

Mama yake rafiki wa Kidoti akamfuata, macho chini. Hadi saa sita mchana, wanawake kumi na mmoja walikuwa wameandika majina yao. Meneja akalazimika kuwasikiliza, na baada ya wiki mbili msimamizi akafukuzwa. Bombani wako walioomba radhi. Wako ambao hadi leo wananong'ona.

Asubuhi moja mwokaji alimwita Kidoti langoni.

"Aibu ni ya atendaye, mjukuu wangu, si ya asemaye. Wewe ulimtwika mama yako aibu ya mtu mwingine, kwa neno moja la uongo. Sisi tulimtwika kwa kunyamaza, na sisi ni watu wazima. Mtu akikwambia ameumizwa, msikilize kwanza. Usianze kwa kumcheka."

Kidoti akaitikia kwa kichwa. Kisha akafunga kifungo cha sita cha koti la mama, akakikagua kwa kidole, akakimbilia shule.