Jina Ambalo Justina Hakutaka Kuliona

Kila asubuhi Justina alifagia mbele ya gesti yake, na kila asubuhi macho yake yalivuka barabara. Ng'ambo kulikuwa na gesti ya Faudhia. Siku hiyo basi dogo lenye namba za Zambia lilikuwa limeegeshwa pale. Wageni walipiga mswaki uani huku wakicheka. Mashuka yalikuwa mengi mpaka mengine yameanikwa kwenye uzio.

Justina naye alikuwa ameanika mashuka. Hakuna mgeni aliyeyalalia. Aliyafua tu ili watu wasione kamba yake iko tupu.

"Mama Recho, unafagia hapo hapo tangu jua litoke," alisema Luka, mumewe. "Utachimba shimo."

"Baba Recho, hebu tazama. Basi zima! Huyu mwanamke anawatoa wapi?"

"Achana na ya Faudhia. Tuzungumze yetu." Luka akaketi kwenye ngazi. "Yule mfanyabiashara Boazi amekuja tena. Anataka nyumba hii aifanye stoo ya mahindi. Nimemwambia aje Jumamosi achukue funguo, kama hali itakuwa hii hii."

Justina akaacha kufagia. "Funguo za gesti yangu?"

"Vyumba havina watu, mke wangu. Turudi kijijini Itaka, kwa mama. Kahawa inahitaji mikono."

Itaka! Justina aliipenda Itaka ya kwenda Krismasi na kurudi. Lakini kukaa kwa mama mkwe na kuulizwa kila siku biashara ilimshindaje? Thubutu! Gesti hii aliipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe. Kila pazia alilishona yeye.

"Ngoja hiyo Jumamosi ifike," alisema. "Leo ni Jumatano."

Sasa niseme ukweli. Wivu ulikuwa umemkaa Justina kooni kama mwiba wa samaki. Faudhia akinunua godoro jipya, Justina hashiki chakula. Faudhia akimsalimu, "Dada, umeamkaje?" yeye hujibu "Salama" huku anatazama pembeni. Na kilichomchoma zaidi kilikuwa barua pepe.

Ulikuwa mwaka 2013. Wenye gesti wa Tunduma, mpakani na Zambia, walikuwa na chama chao, na waliandikiana kwa barua pepe. Mmoja akiandika, wote wanapata. Wageni wa vikundi nao waliandika, maana kupiga simu kutoka Zambia ni ghali. Justina hakuwa na kompyuta. Alikwenda kwa Ruti, mwenye kafe ya intaneti karibu na stendi. Kila akifungua kikasha, yaani mahali barua mpya zinapoingia, alikuta jina la Faudhia na maneno ya kwanza ya barua yake: "Leo nimejaa..." Kesho yake tena: "Leo nimejaa..."

"Anaturingishia!" Justina alifoka. Hakufungua hata barua moja.

Mvua zilipoanza, alimwambia Ruti, "Huyu sitaki anifikie tena. Kompyuta inaweza?"

"Inaweza, mama," Ruti alisema. "Kuna kitu kinaitwa kichujio. Unaiambia barua pepe, 'Barua za namna hii zikija, zipeleke kule, zisikae kikashani.' Andika anwani ya Faudhia hapa, palipoandikwa 'Kutoka kwa'."

Mara mteja mwingine akamwita Ruti kwenye printa. Justina akabaki na kichujio chake. Anwani tu? Haikumtosha. Chini yake aliona nafasi nyingine: "Yenye maneno". Akaiacha ile ya anwani tupu, akaandika hapo: Faudhia. Kisha akachagua barua hizo zisipite kikashani, na zionekane kama zimekwisha kusomwa. Akabonyeza kukubali.

"Hata jina lake sitaliona," alijisemea. Alirudi nyumbani anaimba.

Tangu siku ile kikasha chake kilitulia. Kilitulia mno. Chama hakikumletea maneno ya Faudhia, na wageni nao hawakumwandikia.

Alhamisi Justina alikwenda sokoni kununua dagaa. Mwanamke mmoja akamkazia macho.

"Mulishani, mama," alimsalimu kwa Kibemba. "Wewe si Justina wa ile gesti ya kijani?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Karibu ya nini sasa! Mimi ni Tulinagwe. Nyumbani ni Mbozi, ila nimeolewa Kasama, Zambia. Ni katibu wa kwaya yetu. Tulikuandikia tulale kwako, tukielekea Mbozi Mission. Kimya. Tukaandika tena. Kimya. Tukalala kanisani juu ya mabenchi. Mgongo wangu huu mpaka leo!"

"Dada yangu, sijaona barua yoyote."

"Basi una dharau, au una kompyuta mbovu. Chagua moja."

Justina hakungoja chenji. Alikwenda mbio mpaka kwa Ruti, dagaa mkononi.

"Ruti! Kompyuta zako zinakula barua zangu!"

"Kompyuta zangu hazina meno. Kaa, mama. Dagaa weka kule nje, tafadhali."

Justina akakaa. Ruti akavuta kiti karibu yake.

"Watu wengi wanadhani kikasha ndiyo barua pepe yote," Ruti alisema. "Kikasha ni sebule tu. Nyumba ina vyumba vya ndani. Kwanza fungua hapa, 'Barua taka'. Wakati mwingine barua njema inatupwa humo kwa makosa."

Walifungua. Palikuwa na matangazo ya dawa za kunenepa tu.

"Haya, bonyeza 'Barua zote'. Sasa juu pale kuna kisanduku cha kutafuta. Usipekue barua moja moja mpaka macho yaume. Andika neno unalolitaka."

Justina akaandika: vyumba. Kioo kikajaa barua.

"Mungu wangu!" alisema. "Hizi zote zangu?"

"Zako. Soma."

Kwetu huku mtu hamwandikii asiyemjua bila kumtaja aliyemtuma. Ni adabu. Kwa hiyo barua zilianza hivi: "Habari, mama Justina. Nimeelekezwa kwako na Faudhia." Nyingine: "Faudhia amejaa, amesema twende kwako." Nyingine: "Salamu kutoka kwa Faudhia." Kulikuwa na madereva, walimu, watu wa semina, na kwaya ya Kasama.

Ruti akafungua mipangilio, akakikuta kile kichujio. "Nani aliandika jina hapa?"

"Mimi," Justina alisema.

"Mama Recho, nilikwambia anwani. Ukiweka anwani ya mtu, unaficha barua zake yeye. Ukiweka jina lake penye maneno, unaficha kila anayemtaja. Na hawa wote wamemtaja."

"Fungua za kwake," Justina alisema kwa sauti ndogo.

Ruti akafungua. "Leo nimejaa. Nani ana nafasi nimpe wageni?" Ndivyo barua zile za chama zilivyokuwa, kila moja. Kisha ikafuata moja iliyoandikwa kwa Justina peke yake: "Dada Justina, nawaambia wageni mashuka yako ni meupe kuliko yangu. Wanasema huwajibu. Nimekukosea nini?"

Justina akashika mdomo. Aliona haya, na juu ya haya akaona hasira.

"Yaani hata wema ananizidi!" alisema.

Ruti akacheka mpaka wateja wakageuka. "Utalia baadaye, mama. Hii hapa ni ya jana. Watu wa harusi kutoka Ndola wanapita kesho jioni. Wanataka gesti nzima mpaka Jumanne. Jibu!"

Justina akajibu. Wakati anangoja, Ruti akafuta kichujio kile. Akamfundisha kutengeneza kingine chema: barua yenye neno "vyumba" ipate nyota, ipate na lebo ya "Wageni", na isipelekwe kamwe kwenye barua taka. Lebo ni kama kibandiko. Ukibonyeza jina la lebo, barua zake zote zinakuja pamoja.

"Tena wewe huji hapa kila saa," Ruti alisema. "Tuweke jibu la moja kwa moja. Mtu akiandika, barua pepe inamjibu yenyewe wakati wewe unapika. Unataka iseme nini?"

Justina akafikiri, kisha akaandika: "Nimepata barua yako. Nitakujibu kabla ya jioni. Karibu Tunduma. Justina."

Hawajainuka, Ndola wakajibu: "Tunakuja."

Ijumaa jioni walishuka kwa vigelegele. Jumamosi asubuhi Boazi alifika kuchukua funguo. Alimkuta Luka amekunja suruali, anabeba ndoo za maji ya kuoga.

"Nisamehe, ndugu yangu," Luka alisema akihema. "Funguo ziko mifukoni mwa wageni. Mahindi katafutie nyumba nyingine."

Justina alisikia maneno hayo akiwa jikoni. Alikaa juu ya gunia la mkaa, akacheka peke yake.

Mchana alikwenda kwa Ruti kuangalia barua. Kulikuwa na moja yenye nyota. Watu wa semina ya kahawa walitaka vyumba kuanzia Jumapili, wiki nzima, na chakula cha mchana juu yake. Justina aliisoma mara ya pili. Wageni wa namna hii aliwaombea tangu afungue gesti. Na sasa hana chumba.

"Utawaambiaje?" Ruti aliuliza.

Justina alikuwa bado hajavuka barabara kuzungumza na Faudhia. Aibu ilimzuia. Akaandika polepole: "Kwangu kumejaa. Mwandikieni jirani yangu, Faudhia. Ni mtu mwema na nyumba yake ni safi." Jina lile lilikuwa zito kuliandika.

"Weka anwani yake penye 'Nakala'," Ruti alisema. "Naye ataipata barua hii hii. Atajua umewatuma wewe."

Justina akaweka. Akabonyeza kutuma. Papo hapo, juu ya kioo, likatokea neno: Tendua.

"Hiyo nini?"

"Nimekuwashia kwenye mipangilio. Ukituma kwa makosa, bonyeza hapo, barua inarudi. Lakini ni sekunde chache tu."

"Inarudi kabisa? Hawataiona?"

"Hawataiona."

Justina akashika mausi ya kompyuta. Wiki nzima! Na chakula cha mchana! Aliyaona mashuka ya Faudhia yakipepea uzio mzima, akasikia mwiba ule ule kooni. Angeweza kuwaambia wangoje mpaka Jumanne. Angeweza kunyamaza tu. Akaliangalia lile neno, akaondoa mkono kwenye mausi, akauweka mapajani. Neno likatoweka.

"Imekwenda," Ruti alisema.

"Imekwenda," Justina alisema. "Na bado wivu unaniuma, Ruti."

"Acha ukuume. Barua imekwenda."