Alama ya Uongo Mkononi mwa Kanku

Uvumi ule niliusikia mtoni asubuhi, nikiwa nimeinama kwenye jiwe langu la kufulia, na tangu siku hiyo haukunitoka kichwani. Aliyeuleta ni Rambhi, mke wa dobi mwenzetu.

"Monghi, umesikia? Wasichana wa bweni la Thakor wanachanjwa mkononi. Ile si dawa, mwenzangu. Ni alama. Wenye alama watapakiwa melini wapelekwe ng'ambo kukata miwa."

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unajua, isipokuwa wewe. Hebu jiulize: tangu lini bwana mkubwa akamlisha binti wa dobi bure, akamvisha, na kitanda akampa? Mimi nyati wangu wa maziwa namlisha kwa sababu namkamua. Yeye atamkamua nini Kanku wako?"

Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nguo ileile niliikamua mara tatu.

Wala sikuwa mtu asiyejua. Nilisoma hadi darasa la nne katika shule ya wasichana aliyoifungua Thakor Agarsinh mwenyewe, mtawala wetu, ambaye watu wote humwita Bapu. Alirithi kiti akiwa na miaka tisa. Alipotoka masomoni aliwauza tembo wa maandamano, akabakiza mmoja mzee ambaye hakuna aliyemtaka, kisha akajenga madarasa. Mama yake alimgombeza mbele ya watumishi: "Babu zako waliacha ngome, wewe utaacha chaki!" Akamjibu, "Basi iwe chaki nyingi, Mama." Kila Jumamosi alikuja shuleni bila askari, akaketi mkekani pamoja nasi, tukamsomea. Halafu alionja dengu jikoni na kusema, "Leo chumvi imezidi." Mtu huyo nilimjua tangu utoto. Hata hivyo, uvumi ulipoingia, nilimsahau yule niliyemjua, nikamwogopa yule niliyesimuliwa.

Kanku ni mtoto wangu wa pekee. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amemaliza darasa la nne, na shule ya mtaa wetu huishia hapo. Angekosa nafasi bwenini, kesho yake angeshika nguo chafu kama mimi. Alitaka kuwa mwalimu, na alitaka sana. Lakini sharti lilikuwa moja: msichana asiye na alama ya chanjo ya ndui haingii.

Nilitaka mwanangu asome, na sikutaka achanjwe. Basi nikafanya jambo ambalo ni dobi tu angelifikiria.

Sisi madobi tunaandika alama kwenye nguo za watu ili zisichanganyike. Tunatoboa kokwa jeusi liitwalo bhilamo, tunachovya sindano kwenye utomvu wake, kisha tunatia nukta pembeni mwa nguo. Nukta hiyo haitoki hata ukifua mara mia. Ikigusa ngozi, huunguza, hutoa lengelenge na kuacha kovu. Nililijua hilo vizuri.

Siku ishirini kabla ya kuandikishwa, nilimkalisha Kanku nyuma ya nyumba, nikamtia nukta mbili begani.

"Mama, inauma!"

"Tulia. Wakikuuliza, sema ulichanjwa kijijini kwa mjomba."

"Lakini mjomba hana mchanjaji kijijini kwake. Mwalimu anasema—"

"Mwalimu hakukuzaa. Unataka kusoma, hutaki?"

Akanigeuzia tena bega. Usiku mkono ulimvimba hadi kwenye kiwiko. Siku nne alikuwa na homa, nami nilimpaka manjano na samli huku nikijiambia kwamba nimemwokoa. Mume wangu Bhikha aliuliza kulikoni, nikamwambia mtoto ameng'atwa na mdudu. Uongo wa kwanza ulihitaji wa pili, na wa pili ulikuja upesi.

Siku ya kuandikishwa, mchanjaji, mzee wa miwani, alimshika Kanku mkono akautazama.

"Ulichanjwa wapi?"

"Kijijini kwa mjomba."

"Mchanjaji wa huko ana mkono mzito kweli," akasema, akampitisha.

Miezi miwili ilipita. Hakuna meli iliyokuja. Kanku alirudi nyumbani siku za sikukuu akiwa amenenepa, akaanza kumsahihisha baba yake hesabu. Nikaanza kuuonea haya ule uvumi. Lakini sikusema kitu.

Ndipo mtoto wa mpishi wa bweni, mdogo ambaye hajachanjwa, alipopatwa na homa na kutoka vipele. Ilikuwa ndui. Lango la shule likafungwa. Wazazi tulikimbilia huko, na Jasuben, mwalimu mkuu, akasimama nyuma ya nondo za lango.

"Msipige kelele, ndugu zangu. Mabinti zenu wote wamechanjwa. Waliochanjwa hawana hofu. Rudini nyumbani."

Kina mama wakashusha pumzi, wakaanza kuondoka. Rambhi, aliyekuwa na mpwa wake humo, alinivuta sari. "Twende, Monghi. Mbona umeganda?"

Nilikuwa nimeganda kweli. Nikisema, Kanku atafukuzwa, na aibu itatufuata mpaka mtoni. Nisiposema, mwanangu atalala katika nyumba yenye ndui bila kinga yoyote, na ni mimi peke yangu ninayejua. Nilipiga hatua tatu za kuondoka. Ninaziandika hapa hatua hizo tatu kwa sababu sijazisamehe. Halafu nikageuka.

Bapu alikuwa ameketi barazani, nje ya lango, amekuja mwenyewe kama kawaida yake. Uso wake una mashimo ya ndui tangu utotoni. Nikaanguka miguuni pake.

"Bapu, mwanangu hana chanjo."

"Wote wana alama. Daftari ninalo hapa."

"Yake ni ya bhilamo, Bapu. Ya nguo. Niliitia mimi."

Dereva wake akaangua kicheko. "Amempiga chapa kama shati!"

Bapu hakucheka. Alimtazama dereva mpaka akanyamaza, kisha akamuuliza Jasuben, "Mtoto wa mpishi ameanza kuumwa lini?"

"Homa ilianza juzi."

"Basi bado kuna nafasi; chanjo ikiwahi siku hizi za mwanzo, huushinda ugonjwa. Mwite mchanjaji. Sasa hivi, si baada ya chakula."

Kanku alichanjwa mbele ya macho yangu, akatengwa katika chumba kilichokuwa cha vifaa vya bustani. Kila siku nilisimama nje ya dirisha lake, upande wa barabarani.

"Mama, usilie," aliniambia siku ya tatu. "Sasa nina alama za kutosha hata kwa wasichana wawili."

"Nyamaza, we mtoto. Umekula?"

"Nimekula. Chumvi ilikuwa haba."

Siku ya nane alipata homa, na mimi sikumeza hata kipande cha mkate. Ilikuwa homa ya chanjo. Ikapoa. Siku kumi na sita zilipokwisha bila kipele, mchanjaji alifungua mlango. Mtoto wa mpishi naye alipona, lakini jicho lake moja halioni tena.

Ndipo tukaitwa mbele ya Bapu, mimi na Kanku. Jasuben alisema waziwazi: aliyeingia kwa hila hutoka.

"Ni nani aliyemdanganya mchanjaji?" Bapu akauliza.

"Mimi, Bapu," alisema Kanku. "Mama alinifundisha, lakini mdomo ulikuwa wangu."

Bapu akamwashiria Kanku aketi. Kisha akasema nami, polepole, kama mtu anayesema jambo ambalo amelisema mara nyingi moyoni.

"Nilikuwa na dada. Alinizidi miaka miwili. Mchanjaji alipokuja ikuluni, wanawake walimfungia mlango, kwa kuwa walisikia chanjo huharibu damu. Walisali na kuweka taa. Kusali si kosa, Monghi. Kosa ni kuufunga mlango. Tuliugua wote wawili, nikapona mimi. Walimpenda kama unavyompenda huyu. Mapenzi hayakumsaidia kitu, kwa sababu yaliongozwa na maneno ya watu."

"Nisamehe, Bapu. Tuliambiwa huwezi kutulishia watoto bure, lazima una lako jambo."

"Ninalo," akajibu. "Nina shule kumi na moja na walimu sita. Namtaka mwanao awe wa saba."

Akaamua hivi: Kanku atabaki, ila atasimama mbele ya wenzake na kuwaeleza alichofanya. Alisimama, akaeleza, akalia. Nami kila mwaka, siku ya kuandikishwa, nisimame langoni niwaeleze kina mama. Nimesimama miaka saba. Rambhi alinidhihaki mwaka wa kwanza, "Karibuni kwa mhubiri wa bhilamo!" Mwaka wa pili alimleta binti yake mwenyewe, akamshikilia mkono wakati wa kuchanjwa.

Kanku sasa anafundisha darasa la kwanza katika shule ya mtaa wa pili. Nyinyi mnaosoma haya hamtapita langoni kwangu, kwa hiyo nawaandikia mambo ya kuepuka:

Msiamini habari kwa sababu tu wanaoisema ni wengi. Mwulizeni anayesema ameiona wapi.

Msitie mwilini dawa ya nguo, ya mifugo wala ya shamba, hata tone moja.

Msiikimbie siku ya chanjo, na msimsaidie mwenzenu kuikimbia.

Msimfiche mgonjwa wala kidonda.

Msimdanganye mchanjaji au mwalimu, hata kama anayewafundisha uongo huo ni mama yenu, na anawapenda.

Na mkishakosa, msiondoke kimya. Hatua tatu ni nyingi mno.