Mkufu wa Bibi Kokwijuka

Kila Jumamosi Kokuberwa, mwanafunzi wa darasa la sita, alifua sare zake, akafagia uwanja wa nyumba yao pale Kahororo, kisha akamenya ndizi za mchana. Jumamosi hii alikuwa bado na kisu mkononi wakati Bibi Kokwijuka alipoingia kutoka Ijumbi, Muleba, na kitambaa kilichofungwa fundo.

"Menya upesi, mjukuu wangu, unipeleke kwa sonara," alisema. "Babu yako anajua nimekuja kuwasalimia tu."

Ndani ya kitambaa mlikuwa na mkufu wa dhahabu. Babu Karugendo alimnunulia mkewe baada ya mavuno ya kahawa ya mwaka jana, auvae kwenye jubilei ya ndoa yao. Jubilei ilikuwa Jumapili iliyofuata, na kifungo cha mkufu kilikuwa kimeng'oka chenyewe. Bibi aliogopa mzee angedhani hakuitunza zawadi yake.

Duka la sonara lililouza mkufu lilikuwa la Mzee Wilbert. Binti yake, Hellen, alisoma darasa moja na Kokuberwa, na siku hiyo alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, nywele zimesukwa vizuri. Kokuberwa alitazama viatu vya Bibi vyenye udongo wa kibanja, shamba lake la migomba, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Waitu, mwenye duka!" Bibi alisema kwa heshima ya Kihaya, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka upande wa pili wa migomba. "Mkufu wako huu umeniangusha."

Mzee Wilbert aliangalia risiti aliyopewa na Bibi. "Mama, waranti ilikuwa ya miezi sita. Imekwisha."

"Imekwisha, sawa. Lakini mimi nimeuvaa kanisani tu. Utazame kwanza, baba."

Wateja waligeuka. Hellen naye akainua macho. Uso wa Kokuberwa uliwaka moto. Alitaka jambo moja tu: watoke humo dukani.

"Bibi aliuvaa shambani," alisema. "Ulinasa kwenye mgomba."

"Basi, mtoto amesema," Mzee Wilbert alijibu, akaurudisha mkufu bila kuutazama.

Bibi hakubisha. Alifunga fundo lake, akatoka. Njiani hakusalimia mtu, yeye ambaye kwa kawaida husalimia hata mbuzi wa watu. Walipofika nyumbani ndipo alipouliza, "Uliniona nao shambani?"

"Hapana, Bibi." Kokuberwa aliangua kilio. "Niliona aibu. Watu walikuwa wanatutazama."

"Kumbe ulinionea aibu mimi," Bibi alisema, akachukua kisu akaanza kumenya ndizi zilizobaki. Kokuberwa angeona afadhali kuchapwa.

Mama yake, Georgina, alisikia yote. "Waranti ni ahadi ya duka," alimwambia. "Hata ikiisha, mnunuzi bado anaweza kudai haki yake ikiwa kitu kiliuzwa kikiwa na kasoro. Bibi alikuwa anadai hivyo, ukamziba mdomo. Rudi naye ukaseme kweli, tena hapo hapo uliposema uongo."

Jioni ile duka lilikuwa na watu wengi zaidi. Hellen alikuwa bado kwenye kaunta. Kokuberwa hakunong'ona.

"Shikamoo, mzee. Asubuhi nilisema uongo. Bibi hajauvaa mkufu shambani hata siku moja. Nilimwonea aibu mbele ya Hellen."

Mzee Wilbert alichukua kioo cha kukuzia, akainamia kifungo. Alipoinuka alikohoa kidogo.

"Lehemu haikushika vizuri tangu mwanzo," alisema. "Ni kosa letu, mama. Nilipaswa kuutazama kabla ya kutaja waranti. Nisamehe. Nitautengeneza bure."

Hellen hakucheka. Alimsogezea Bibi stuli, akamsalimia kwa kupiga goti.

Jumapili, Babu Karugendo mwenyewe, aliyekuwa ameshaambiwa yote, ndiye aliyemfungia mkewe mkufu. Nje ya kanisa, Bibi alimvuta Kokuberwa mbele ya wageni. "Huyu ndiye aliyenisemea dukani!" alitangaza. Kokuberwa aliinamisha uso, maana alikumbuka alivyosema mara ya kwanza.

Bibi akamwinamia sikioni. "Mjukuu wangu, usiache kudai haki yako kwa sababu watu wanatazama. Wala usiseme uongo ili waache kutazama. Haya, inua uso, tunapigwa picha."